Lebo

Karatasi ya daktari nimeihifadhi
kwenye droo ya dhamana,
kati ya birika la umeme na mashine ya kufulia.
Birika lilipewa miaka miwili. Mashine, mitano.
Mimi nilifika mezani kwa Daktari Wierzba
nikiwa na hamsini na miwili,
bila kijitabu cha maelekezo.

Usonji, alisema,
kisha akanyamaza ili nilie.
Sikulia. Nilikuwa nahesabu vigae vya dari:
kumi na saba kwa tisa, kimoja kimepasuka.
Nikamwambia kuhusu kile kilichopasuka.
Akaandika.

Usiku ule Witold aliuliza,
"Basi sasa tufanye nini?"
kama mtu aliyeambiwa paa linavuja.
Nikasema, tule.
Tukala supu ya shayiri,
kwa kuwa ilikuwa Jumanne, na Jumanne ni shayiri.

Kazini, posta ya ng'ambo ya mto Brda,
nimeomba dirisha la mwisho,
mbali na ile taa ndefu
iliyokuwa ikivuma kama nyuki ndani ya chupa.
Miaka kumi na mmoja wenzangu walisema haivumi.
Siku fundi aliposhuka ngazini
akasema ilikuwa karibu kuwaka moto.
Sikusema kitu. Nilipima kifurushi:
gramu mia nne na kumi.

Simu bado naziandika kwanza.
Habari za asubuhi, naitwa Ludmiła Pasieka.
Wakijibu neno lisilokuwemo kwenye karatasi yangu
nakata, naandika upya.

Sikukuu ya jina la shemeji nilikaa dakika arobaini,
nikachukua koti, nikaaga.
Zamani ningekaa hadi usiku wa manane
nikitazama nyusi za watu, maana macho yao yanachoma,
nikicheka sekunde moja nyuma ya wengine,
kisha kesho nzima nilale gizani.
Nilijikaza kisabuni, kama walivyotaka,
na sabuni, kila anayefua anajua,
huisha.

Hasira ninayo, nisiseme uongo.
Hupanda nami tramu, hukaa dirishani.
Hunionyesha mtoto wa darasa la tatu
amesimamishwa kwenye kona
kwa kusahihisha ramani ya mwalimu.
(Mwalimu alikuwa amekosea. Bado amekosea.)
Ati akili ni nywele, kila mtu ana zake;
zangu zilichanwa kwa kitana cha watu
mpaka ngozi ikatoka damu,
wakaniambia nimependeza.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa imeoza barabarani,
tulikwenda na Jagna, binti yangu,
kufungua kabati la marehemu mama.
Mama aliyenishika kidevu,
"Niangalie nikisema nawe!"
huku yeye akitazama ukuta
nyuma ya sikio langu.
Mama wa mkate uleule, kikombe kilekile,
aliyeondoka harusini kwangu kabla ya keki
akisema viatu vinambana.
Sikumsamehe vile viatu.

Tukakunja sweta, makoti,
gauni alilomzikia baba.
Jagna alikuwa akiandika saizi, za kuwagawia watu.
"Mbona hazina lebo?"

Hakuna hata moja.
Kwenye shingo ya kila nguo,
nyuzi mbili fupi, zimekatwa kwa mkasi wa kucha,
taratibu, bila kugusa kitambaa,
jinsi ninavyokata mimi
nikiwa nimejifungia bafuni.

Nilikaa sakafuni na koti la kijivu mapajani.
Miaka yote ile, mama,
kuta mbili zikitazamana.

Jagna hakusema kitu.
Aligeuza ukosi wa shati lake, akanionyesha.
Chini kabisa, tramu ikafunga breki kwenye kona,
nasi wawili, kwa pamoja,
tukaziba masikio.