Linashughulikiwa

Jina langu Sang'udi, fundi wa majokofu,
mwaka wa kumi na nne kiwanda cha minofu, Igogo.
Fomu ilinikwama mstari wa kwanza:
haitaki ritifaa.
Nikaitoa, kama atoaye kokoto kwenye mchele,
nikawa Sangudi, mtu mwingine kabisa,
ng ya ngazi, si ya ng'ombe.
Wiki sita baadaye wakauliza:
na huyu wa kwenye cheti cha kuzaliwa ni nani?
Nikaenda kwa wakili, elfu ishirini,
nikaapa kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja.

Polisi, mashine ya vidole haikunisoma.
Amonia na mabomba yenye barafu vimenilamba ncha.
"Kazi yako imekufuta," koplo akasema,
akarudi kwenye wino wa zamani,
akanigandamiza karatasini kama muhuri.
Kazi hiyohiyo ndiyo wanayoitaka kule.

Bado mtihani wa Kiingereza.
Bado picha ya kifua, basi la usiku hadi Dar na kurudi.
Bado barua ya meneja, kwamba kweli naweza
kuuteremsha mchana wa Mwanza
hadi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Na umri: Novemba natimiza arobaini,
alama kumi zitakatwa
kwa kosa la kuwahi kuzaliwa.

Nikabonyeza. Likatokea neno moja, la kijivu:
Linashughulikiwa.

Mwezi wa kwanza nilifungua simu kabla ya kunawa uso.
Mwezi wa nne niliifungua chooni, nimejifungia.
Mwezi wa saba Mabatini nzima ilishalijua lile neno.
Nikimdai Budeba hela ya feni:
"Deni linashughulikiwa, fundi."
Bomba likikauka siku ya tatu,
wanawake kwenye foleni wanaulizana maji,
"Yanashughulikiwa!"
wanacheka hadi ndoo zinagongana.
Nami hucheka. Ningefanyaje?

Mama hupiga kutoka Magu.
"Mwangaluka, mwanangu. Wamesema?"
"Bado, mama."
"Kwa hiyo michembe nisianike?"
Michembe ya safari. Ameshaianika mara mbili,
mara mbili wajukuu wameimaliza.

Kazini, sangara wanaoshushwa saa nne asubuhi
jioni wako kwenye maboksi, wana vyeti vyao,
vimegongwa mihuri yote.
Mimi ndiye ninayewatunzia baridi.
Naijua hali hii kuliko karani yeyote wa kule:
aliyegandishwa haozi,
lakini haogelei pia.

Mlango Mmoja, kwenye rundo la mitumba, nilinunua sweta
zito, la mistari, la kwenda nalo.
Milembe akageuza kola, akasoma lebo:
limetoka nchi ileile.
"Lenyewe limekuja bila kuapa,"
akasema, na Jumamosi nikalikuta
ametandikiwa kuku anayeatamia.

Sikugomba. Kuku naye alikuwa na siku zake za kuhesabu,
ila yeye anajua ni ishirini na moja.

Jana usiku Milembe alisukuma sahani ya dagaa.
Harufu, alisema. Dagaa, yeye, mtoto wa Kirumba!
Nikaanza kuhesabu miezi, nikakosea;
akanihesabia yeye, taratibu,
kwa vidole vyenye alama zote.

Nikafungua ukurasa wa mabadiliko ya hali.
Idadi ya watu: ongeza mmoja.
Uhusiano na mwombaji: mtoto.
Jina: bado.
Lakini litakuwa na ritifaa, hilo nimeshaamua,
la bibi yake au la babu yake, vyovyote,
waitafutie nafasi.

Nikabonyeza. Mtandao ukazunguka, ukazunguka.
Likarudi lilelile.
Milembe akachungulia juu ya bega langu, akalisoma kwa sauti
kama mtu anayesoma barua ya jirani.
"Na hili pia," akasema,
akajishika tumbo,
akaniomba ndimu.