Bega la Kushoto

Walikuja Novemba na malori mawili,
wakaziba madirisha yetu kwa vitambaa vyeusi,
kisha wakawasha jua lao wenyewe kule nje,
kwa kuwa jua la Rotterdam Kusini, walisema,
haliaminiki.

Mwongozaji alikuwa na skafu ndefu na moyo mwema.
Akatuambia: Igizeni nyinyi wenyewe,
ila kwa ukali zaidi.
Tukatazamana. Wenyewe gani?
Nilton, aliyeamka saa kumi alfajiri kugawa magazeti
akaja kusinzia kwenye jiografia?
Soraida, funguo tatu shingoni,
mdogo wake mmoja kila mkono?
Hao hawakuwamo kwenye karatasi zake.

Ujira: yuro thelathini na mkate.
Wenye nyama ya nguruwe au usio nayo?
Hapo tu ndipo walipotuuliza
sisi ni akina nani.

Bünyamin alipewa kiti cha kurusha.
Alikirusha mara tisa,
na kila mara, kabla hawajasema Tena,
alikiendea, akakipindua, akakagua miguu,
kwani baba yake seremala
na kwao kiti hakitupwi.
Hilo lilikatwa. Ukabaki mrusho.
Mtaani wakamwita Kiti mpaka alipooa.

Mwalimu wa filamu alivaa koti la rangi ya maziwa.
Alizungumza dakika nne nzima juu ya ndoto zetu
na sisi tukalia,
kila mmoja matone mawili, kutoka kichupa kimoja.

Mwalimu wetu hasa, Bi Hoekema,
alisimama nyuma karibu na hita
akisahihisha imla.
Mtu wa Frisia, kwenye upepo na ng'ombe;
Kiholanzi naye alikikuta shuleni, kama sisi,
akakilaani kimoyomoyo, kama sisi.
Hotuba hajapata kutoa.
Alichokuwa nacho ni daftari la mahudhurio.

Mwaka uliotangulia Xiomara alifiwa na mama yake,
akaacha kuja.
Ofisi ikapiga mstari mwekundu juu ya jina.
Bi Hoekema akaliita vilevile, kila asubuhi,
baada ya Wiktoria, kabla ya Yıldız.
Akaliita, akangoja,
kama unavyomngoja mgeni avue viatu mlangoni.
Sekunde tano. Sita.
Tukauzoea ukimya ule, tukaulinda;
hata Nilton aliamka kwa ajili yake.
Siku arobaini na moja,
nilichora vijistari nyuma ya rula.
Kisha Jumanne moja, mvua ya mshazari,
sauti mlangoni, kavu,
ya mtu ambaye hajasema neno tangu jana:
Nipo.

Bi Hoekema akatia alama.
Yıldız, akasema.

Nilimsimulia mwongozaji wakati wa chakula.
Alisikiliza kweli, mkate umekwama njiani kwenda mdomoni.
Nzuri sana, akasema.
Lakini kamera itatazama nini?

Jana usiku wameirudia kwenye televisheni.
Nimetoka zamu ya tramu, miguu ndani ya beseni.
Binti yangu ana miaka saba:
Baba, wewe ni yupi?
Nikamwonyesha, nyuma ya kiti kinachoruka,
bega. La kushoto. Fulana ya kijivu.
Akairudisha nyuma filamu, akaliona tena,
akairudisha tena.

Mwishoni majina yakapanda:
wa taa, wa nywele, wapishi,
hata mbwa alikuwa na jina lake.
Sisi: Wanafunzi.

Nikazima sauti, nikaanza kuita, polepole,
kwa mpangilio wa daftari.
Mtoto akadhani ni mchezo,
akaitikia kwa niaba ya wote, Nipo, nipo,
kwa sauti nene ya Bünyamin,
kwa sauti ya puani ya Soraida ambaye hajamwona.
Nilipomfikia Xiomara
akafungua mdomo, akanitazama usoni,
akaufunga.

Tukangoja.
Maji ya beseni yalikuwa yameshapoa.