Namba ya Ploti

Fomu ya leseni ina kisanduku kidogo:
*namba ya ploti.*
Karani akainua kalamu.
"Duka lako liko wapi, dada?"
Nikamwonyesha dirishani: punda wa kukodi,
Famau ameshika kamba,
na mgongoni meza iliyokunjwa, beseni,
taulo kumi na mbili zenye joto la pasi ya makaa.
"Linatembea," nikasema.
Akaandika: *haieleweki.*

Nilipomwagiza fundi Lali, kule Langoni,
anichongee meza ya kusingia,
nilipima urefu wa bibi arusi,
nikapima mabega ya mzungu mmoja wa Shela.
Ngazi za Mkomani sikuzipima.
Kwa Bi Mwanatena, pale ngazi inapopinda,
meza ilikwama kama mwiba wa samaki kooni,
haipandi, haishuki,
wajukuu wanapita chini yake wakitambaa.
Nikamkanda juu ya mkeka.
Liwa ikakauka kabla sijafika kiunoni.
Alilipa nusu.
"Nusu ya pili, mwanangu, meza itakaposhuka."

Simu nazo.
Namba moja nimeiandika *Usipokee*,
nyingine *Usipokee wa Pili*.
"Masaji ya aina gani?" huuliza, wakichekea puani.
Ya mgongo, ndugu yangu.
Mlete mkeo.

Arusi ya Gadeni waliniahidi elfu sita.
Siku saba za singo, ubani na asmini,
asmini ambayo siku hizi huuzwa kwa kuhesabiwa,
na mwisho nikapewa elfu mbili
na pilau iliyofunikwa vizuri kwa kawa,
sahani nirudishe.
Mwezi wa tano mahoteli hufunga madirisha.
Punda hafungi mdomo.

Usiku naloweka vidole gumba katika maji ya chumvi.
Mimi nani ananikanda?
Binti yangu hunikanyaga mgongo dakika tatu,
kisha hudai shilingi ishirini.

Jana Bi Mwanatena kapiga simu.
"Meza usiishushe.
Bi Shekuwe wa nyumba ya pili anauliza Jumatano,
na wifi yake, na yule mwenye nyonga.
Watalala papo hapo, tutatundika pazia."

Leo asubuhi nimerudi kwa karani.
"Mkomani," nikamwambia,
"ngazini kwa Bi Mwanatena, penye kona."
Akafikiri. Akaandika.
Akapiga muhuri mara mbili, wino ulikuwa hafifu.
"Elfu tano," akasema.
Nje, Famau naye
alikuwa akinisubiri na hesabu yake.