Kitenzi Kinachovaa Sketi

Kadi imefika kwa posta ya Jumanne,
neno moja tu juu yake, kwa taipureta:
lile la vazi, ambalo Waingereza
wakitaka hulifanya kitenzi, likatembea.
Thirza Cawood amepewa wiki mbili
kulichambua kwa ajili ya kamusi,
shilingi tatu kwa kila maana.

Anaanza na iliyo rahisi. Kupakana.
Anaandika: Barabara imepakana na msitu.
Anafuta. Huku Lincolnshire msitu uko wapi?
Ni mifereji iliyonyooka kama rula,
viazi, kabichi, na anga kubwa
isiyo na adabu, inayoingia hadi jikoni.
Anaandika: Mfereji unapita kando ya shamba la Lettice.
Anaitazama sentensi.
Hakukusudia kumwandika dada yake.

Anabandika birika.

Maana ya pili: kukwepa, kuepa, kuhepa,
kulipita jambo kama unavyompita mbwa aliyelala
ambaye si wako, na huna hakika amelala.
Mfano anao. Siku waliyomzika baba
wageni walizungumzia bei ya mbegu,
mafuriko, goti la kasisi,
kila kitu isipokuwa wosia
uliokuwa kwenye droo, chini ya vijiko.
Hakuna aliyethubutu kuivuta droo ile.
Chai ilikorogwa kwa uma.

Baadaye ikavutwa. Lettice akapata shamba.
Thirza akapata vijiko.

Miaka kumi na mmoja sasa,
kila Jumapili anakwenda kanisani
kwa njia ndefu ya ukingoni, juu ya tuta,
asilikaribie lango la dada yake.
Maili moja na robo ya ziada, jozi nne za viatu.
Na kwa kuwa anazunguka, anajua:
bati lililolegea upande wa kaskazini,
pazia lilipobadilishwa, na rangi yake,
na ile Machi ambapo kwenye kamba
shuka mbili zilianza kuwa moja.
Wanaopita langoni, wakasalimu, wakaenda zao,
hawajui hata nusu.

Hapo penseli inasimama.
Lugha gani hii, anajiuliza,
inayompa mkimbizi na jirani
neno moja, wagawane
kama ndugu wawili wenye koti moja?

(Laiti ningekuwa jikoni mle
ningemnong'oneza letu: kuambaa.
Kwenda sambamba na kitu bila kukigusa.
Ningemwambia pia kuwa ni herufi moja tu
inayotenga kuambaa na kuambata,
na kwamba ulimi ukichoka
huteleza kutoka hili hadi lile.
Lakini mimi niko mbali, nawe msomaji uko mbali,
na birika lake linapiga mluzi.)

Anayekimbia kweli huenda mbali.
Huyu wa kando kando
anaogopa kugusa, anaogopa kuachia.
Anaandika hilo. Analikata; si lugha ya kamusi.

Bado pindo. Mama yao aliwahi kukata
sketi mbili kutoka pazia moja la kijani,
akawakalisha sakafuni wapige mapindo.
Lettice alishona kwa hatua ndefu, akamaliza kwanza,
kisha akavuta upande wa pili wa sketi ya Thirza
akashona kuelekea kwake, bila neno,
mpaka sindano zikagongana.
Hiyo haitakiwi kwenye kadi.

Jibu la mhariri lilikuja baada ya mwezi:
Maana ni sahihi. Mfano tumeuchukua,
ila tumemwondoa dada, kuokoa nafasi.
Ndani ya bahasha, shilingi sita.

Jumapili iliyofuata tuta lilikuwa kavu,
njia ndefu ilipitika vizuri tu.
Thirza alisimama penye njia panda
mpaka kengele ya kanisa ikamaliza kulia,
kijiko kimoja mfukoni mwa koti,
akikigeuza, akikigeuza,
kimeshika joto la kiganja.