Kopi Kumi na Nne

Alikuja Jumanne, vumbi la Agosti limeshamvika kofia,
mkoba wa ukindu kwapani,
akasema kwa Kiswahili cha kuhesabu hatua:
"Kumi na nne. Upande mmoja. Usizikunje."

Nikapokea. Mistari mitano mitano, na juu yake
sisimizi waliokunywa wino wakalewa.
Nimewahi kutoa kopi za hati za viwanja, vyeti vya ndoa,
mtihani wa darasa la saba (niliambiwa ni wa majaribio),
lakini kopi ya sauti, bado.
"Ni nini hiki, mama?"
"Simfoni," akajibu,
kama mtu anayejibu: uwele.

Taisia Yermolaevna. Barabara ya Sita nzima
jina lilitushinda, tukamwita Mama Ndahani,
kwa yule mpima miamba aliyerudi kutoka Leningradi
mkono mmoja shahada, mkono wa pili yeye,
na sasa amelala Hombolo
chini ya mawe aliyoyajua kwa majina.

Umeme ukikatika ndipo alipozungumza.
Baba yake dereva wa treni, mji wa Vologda.
Kazi yake ya kwanza ilipigwa usiku mmoja tu:
wakubwa walisikiliza, wakakohoa,
ikafungiwa kabatini miaka kumi na mmoja.
"Walisemaje?"
"Kwamba haina furaha ya kutosha.
Ilikuwa nayo. Katika fidla ya pili.
Hawakuangalia kule."

Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa mtupu.
Mistari tu, kama shamba lililolimwa mvua ikagoma.
Nikauruka; karatasi ni pesa.
Alikuwa ameshafika karibu na sokoni
akarudi na jua lote la saa nane mgongoni.
"Wa thelathini na moja uko wapi?"
"Hauna kitu, mama."
"Hapo wote kumi na wanne wananyamaza pamoja.
Unajua ugumu wake?"
Akaweka mezani elfu moja na mia nne,
bei ya kunyamaza,
na chenji hakuwa na haja ya kuidai.

Mashine yangu, mtumba wa Dubai, ilikuwa na kilema:
inaguguna, inashusha pumzi,
inagonga mara mbili, halafu inasita
kama mkwe mlangoni.
Siku moja akaiwekea kiganja
tunavyompima mtoto homa.
"Inahesabu saba," akasema. "Washa tena. Bila karatasi."
Nikawasha. Akafumba macho.
Foleni ikasonya; mwenye cheti cha kuzaliwa
akavuka barabara kwa mshindani wangu.

Novemba, ukumbi wa chuo, kiti cha plastiki mstari wa nyuma.
Vijana na fidla za kuazima,
wazee wawili wa zeze kutoka Ihumwa,
na akina mama watano wa Mvumi, ngoma zimebanwa mapajani,
kopi zangu wamezikalia
maana kazi yote walikuwa nayo kichwani.
Sikuelewa mwanzo. Mtu asinidanganye kwamba alielewa.
Niliwaza kodi ya fremu, niliwaza wino.
Mara ngoma zikaguguna.
Zikashusha pumzi.
Zikagonga mbili, zikasita,
na katika kule kusita,
kasoro niliyomlipa fundi mara tatu aiondoe,
zeze likapenya, fidla zikafuata,
hata ile ya pili. Nililiangalia.

Nikamgusa jirani: "Mashine yangu hiyo."
Akasogeza kiti chake.

Kisha wote wakanyamaza.
Nikaujua ukurasa.
Feni ilizunguka, nje bodaboda ikapiga honi,
mama mmoja wa Mvumi mikono imesimama hewani,
na Taisia kando ya jukwaa, viatu amevivua,
akihesabu kwa kidole gumba cha mguu.

Jumatatu fundi alikuja na bisibisi yake.
Nilimpa chai.