Kokwa Tatu

Kwanza tuzioshe kokwa za tende.
Nyama umeshakula wewe, kahawa nimeshakunywa mimi,
vidole umevifutia kwenye kanzu ya babu yako
naye kajifanya amelala.

Kaa. Kunja miguu.
Sinia hili la unga ndilo ubao wetu.
Huko shuleni mna ubao unaowaka, ukiugusa unaimba;
wangu mimi bubu,
ila ukikosea unautikisa mara moja
na kosa limekwenda zake.

Chora bakuli. Pana. Usilifunike.
Kokwa moja ikidondoka chini yake: be.
Mbili zikielea juu: te.
Tatu: the,
na hapo ndipo linapoanzia jina lako, Thuraya,
kwenye bakuli lililojaa pomoni.
Kwa lugha yetu ya jikoni wewe ni kilimia,
zile nyota zinazobanana kama watoto kwenye mkeka mmoja.
Baba yako kakuandikisha kwa lile la kwanza.
Mimi, usiku, nakuita kwa hili.

"Bibi, nikizila hizi kokwa?"
Basi utalala huna jina mpaka kesho.

Alifu ilikusumbua siku tatu.
Watu wakimdharau mtu husema hajui hata alifu kwa ujiti,
kana kwamba ujiti ni kitu cha mchezo.
Na waje wao wausimamishe
kwa kidole cha miaka minne,
unga unapeperushwa na kiyoyozi,
mjomba kapita kaacha mlango wazi.
Ya kwanza ililala.
Ya pili ikainama kama mimi nikinyanyuka kwenye msala.
Ya Jumatano ikasimama, ukaipigia makofi mwenyewe,
unga mpaka kwenye kope.

Halafu wale ng'ombe wa Barka.
Ijumaa tumewaona wakigongana vichwa,
vumbi, kelele, wewe mabegani kwa baba yako,
na kurudi Mabela swali moja njia nzima:
ng'ombe anaandikwaje?
Nikakwambia: chukua ghaini, itwike kokwa tatu.
Ndivyo alivyoandika marehemu baba yangu
kwenye daftari la duka lake, kule Wete:
*ng'onda mafungu mawili, deni;
ng'ombe wa fulani kala muhogo wa fulani, shahidi mimi.*

Jumapili ukarudi na duara jekundu daftarini.
Abla kasema herufi hiyo haipo.
Mkono wangu ulikwisha fika kwenye simu.
Nikaurudisha.
Abla kasema kweli, mjukuu wangu, shuleni haipo.
Nyumbani ipo.
Viko vingi vya namna hiyo:
mkate wa kumimina, kutembea peku, kulia kwa sauti.
Hukujibu. Ulitia kokwa moja shavuni
ukaizungusha, ukaizungusha,
kama kadhi mwenye kesi ngumu.

Leo unyevu wa Sib umezidi,
kioo cha sebule kinatoka jasho kwa nje.
Umetoka peku, umesimama kwenye joto,
kidole juu ya kioo.
Mimi niko ndani, kwenye baridi, nasoma kinyume:
ghaini imenipa mgongo,
mdomo umeelekea jikoni,
na nukta juu yake, moja, mbili, tatu,

nne.

Nne, Thuraya?
Hiyo hata baba yangu hakuwa nayo.
Ingia ndani, funga mlango,
njoo unifundishe inavyosomwa.