Mlio wa Kizibo

Bwana Evaristo aliniachia karatasi mezani,
mistari mitatu kwa mwandiko wake wa kuinama:
"Deolinda, linganisha. Ijumaa nipe jibu.
Isiwe ya bei kubwa."
Kisha akaenda kumchukua mjukuu shuleni.

Programu tatu, basi. Nikachora jedwali.
Ya buluu, ya kijani, na ile ya zambarau
ambayo hata kabla ya kufunguka
inataka kujua nilizaliwa lini.
Safu ya kwanza: ada ya mwezi, kwa kila kichwa.
Ya pili: semina inabeba wageni wangapi kabla haijaanza kuhema.
Ya tatu: kurekodi, na rekodi inalala wapi usiku.

Sisi ni watu wa vizibo.
Mwaloni wetu huchunwa gome, ukaachwa miaka tisa
ujivike upya, na hakuna anayeuharakisha.
Hawa wa programu wamenipa siku kumi na nne,
na saa inayohesabu kinyumenyume pembeni mwa skrini.

Jumatatu niliijaribu ya buluu na Graciete wa karakana.
Uso wake ukaganda, ulimi nje, akilamba kidole,
na sauti ikaendelea bila yeye,
ikinisimulia bawasiri ya mumewe
mbele ya mkaguzi wa mahesabu,
ambaye chumba cha kusubiri kilimfungulia bila hodi.
Nikaandika: mlango hafifu.

Jumanne, ya kijani.
Sura angavu, hata vumbi la kabati lilionekana.
Ila dakika ya arobaini hukata kauli kama mgonjwa,
na papo hapo inakuja bili ya mazishi.

Jumatano, ya zambarau. Ah, ya zambarau!
Kura za papo kwa papo, vyumba vidogo vya kunong'onea,
manukuu yaliyomwandika Bwana Quintela "Bwana Uani",
na kichuja kelele chenye nyota tano:
mbwa hakusikika, msumeno haukusikika,
kengele ya kanisa ilipiga saa sita
na adhuhuri ikapita kama mwizi.
Nikaweka tiki. Nikaweka tiki. Nikachagua.

Alhamisi, semina ya majaribio.
Wateja themanini na mmoja:
Varduhi na mapipa yake kule Armenia,
ndugu wawili wa Mendoza, macho bado ya usingizi,
mtu mmoja aliyejiita "iPad ya Mama".
Bwana Evaristo alivaa tai.
Akaisogeza chupa karibu na maikrofoni,
kama afanyavyo kwenye kila maonyesho tangu sijaajiriwa,
akasema, "Sikilizeni ubora."
Akavuta.

Hakuna.

Akachukua ya pili. Mkono ulitetemeka kidogo.
Hakuna.
Kinywa chake kilikuwa tayari kimetabasamu
na hakikujua pa kulipeleka tabasamu hilo.

Programu ilikuwa imeusikia mlio wetu,
ikaupima, ikaamua ni uchafu,
ikautupa huko inakotupa mbwa na kengele.
Wanasema kelele za mlango
hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.
Lakini sisi biashara yetu ni milango,
milango midogo ya shingo za chupa,
na kelele hiyo ndiyo mali.

Varduhi akaandika: "Nimeona divai ikishtuka. Sauti iko wapi?"
Nilikuwa nimeshapiga magoti kando ya meza,
nje ya kamera, kipanya mkononi,
menyu ndani ya menyu ndani ya menyu,
mpaka nikakipata kichujio, nikakizima.

Dunia ikaingia yote kwa mkupuo:
msumeno, mbwa, Graciete akigombana na lori,
na katikati yake, chupa ya tatu:
po!
Ndugu mmoja wa Mendoza akacheka kwa sauti.
"iPad ya Mama" akapiga makofi.

Ijumaa niliongeza safu ya nne:
je, inajua tunauza nini?
Zote tatu nikazipa sifuri.
"Ipi, basi?" akauliza Bwana Evaristo.
"Ya zambarau. Nitakaa mimi kwenye swichi."
"Na bei?"
Nikamtajia.
Akanyamaza,
kimya halisi, ambacho hakikuhitaji kichujio.